Kurekodi Muziki wa Bendi Ndogo Nyumbani kwa Bajeti Finyu: Mwongozo Kamili

Bendi ya watu wanne au watano inaweza kurekodi nyimbo zake sebuleni na zikasikika vizuri. Haihitaji studio ya kukodi kwa saa. Inahitaji kompyuta ya kawaida, kadi ya sauti (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) yenye matundu manne, maiki tatu au nne, hedifoni na muda wa kutosha. Rekodi nyingi za nyumbani haziharibiwi na vifaa vya bei nafuu. Zinaharibiwa na wimbo uliorekodiwa kabla haujakaa sawa, na mazoea ya kumrekodi kila mpigaji peke yake, huyu leo, yule wiki ijayo, mpaka muziki unapoa.

Kwa hiyo njia ninayoieleza hapa ni moja: wanaobeba mdundo, yaani dramu, besi na gitaa la ridhimu, wapige pamoja, chumba kimoja, wakitazamana. Huo ndio msingi. Solo, kinanda, mwimbaji na waitikiaji wataongezwa juu yake baadaye. Mdundo ni makubaliano ya watu, na watu hukubaliana kwa kuonana na kusikilizana.

Hatua ya 1: Uwekeni wimbo sawa

Kazi hii haina gharama na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Wekeni simu katikati ya chumba cha mazoezi, mbali kidogo na dramu, mrekodi wimbo mzima. Msiusikilize papo hapo. Usikilizeni kesho yake, masikio yakiwa yamepumzika, kila mtu akiwa na kalamu.

Sikilizeni mambo haya. Je, noti ya besi na kiki ya dramu, ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, vinaangukia mahali pamoja, au kimoja kinamkimbiza mwenzake? Magitaa mawili yanapiga nafasi ileile ya shingo? Kama ndiyo, mmoja apande juu, kwa sababu sauti mbili zinazogombania nafasi moja hazitatenganishwa na programu yoyote baadaye. Mwimbaji anafika noti za juu za kiitikio bila kukaza koo? Akikaza, shusheni ufunguo sasa hivi, kabla hamjapanga maiki hata moja.

Andikeni mpangilio kwenye karatasi: utangulizi mizunguko mingapi, ubeti, kiitikio, solo, mwisho. Andikeni pia kasi, mapigo mangapi kwa dakika. Metronomu ya simu itawapa namba hiyo. Kuhusu kupiga na metronomu masikioni, mimi sishikilii kwamba ni lazima. Wimbo unaotaka kupumua, ukiongeza mwendo kidogo kwenye kiitikio, uacheni upumue. Lakini kama mnakusudia kuongeza ala za kompyuta, au kukata kipande cha jaribio moja na kukiunga kwenye jingine, metronomu itawaokoa. Amueni mapema, na mpiga dramu afanye nayo mazoezi kabla ya siku ya kurekodi.

Hatua ya 2: Pesa zitangulie wapi

Anzeni na nyuzi mpya za magitaa na ngozi za dramu zilizo katika hali nzuri. Gitaa lenye nyuzi zilizochoka halishiki sauti, na maiki ya bei kubwa italirekodi hivyohivyo lilivyochoka.

Kisha kadi ya sauti ya nje, ya USB. Kwa bendi, matundu mawili ni machache mno. Tafuteni yenye manne, kila tundu likiwa na kitufe chake cha kuongeza nguvu ya sauti. Behringer UMC404HD ni mfano wa kadi ya bei nafuu ya aina hiyo. Hakikisheni ina umeme wa volti 48 kwa ajili ya maiki za kondensa, ambazo ni nyepesi kusikia na haziwaki bila umeme huo.

Maiki za dainamiki, zisizohitaji umeme huo, ndizo rafiki wa bendi yenye pesa chache. Shure SM57 ilitoka mwaka 1965 na SM58 mwaka 1966, na zote mbili bado zinatengenezwa na kutumika kila mahali. Zinavumilia kuanguka, zinavumilia sauti kubwa, na zinanunulika zikiwa zimetumika bila wasiwasi mwingi. Kwa msingi wa matundu manne mtahitaji mbili za dainamiki na kondensa moja. Kondensa iliyotumika lazima mwisikilize kwanza kwenye chumba kimya, kwa sababu unyevu huiachia mvumo na mikwaruzo. Nyaya pia zipimwe: chomeka, ongea kwenye maiki, tikisa ncha zote mbili. Ikikwaruza, irudishe.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio zima, zisizovujisha sauti. Kadi nyingi za bei nafuu zina tundu moja tu la hedifoni, kwa hiyo nunueni na kigawanyio chenye kuongeza nguvu. Chochote mnachoweza kuazima, azimeni: stendi, amplifaya ndogo, hata maiki moja kutoka kwa bendi rafiki.

Programu isiwasumbue. Reaper inatoa siku 60 za kujaribu bila kuzuia kitu, na leseni yake ni ya bei ya chini. GarageBand ni ya bure kwenye kompyuta za Apple. Audacity ni ya bure kabisa na inafaa kwa kurekodi na kukata, ingawa kwa traki nyingi (kila ala na mstari wake wa sauti) za bendi nzima Reaper itawapa raha zaidi.

Hatua ya 3: Chumba

Piga makofi katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaotetemeka kati ya kuta mbili, maiki nazo zitausikia. Chagueni chumba kikubwa kuliko vyote mlivyonavyo, chenye vitu: makochi, mapazia mazito, zulia, rafu iliyojaa vitabu. Chumba kitupu chenye sakafu ya vigae ni adui.

Trei za mayai ukutani hazisaidii. Sauti ya hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), ambayo ni eneo la besi na kiki, ina urefu wa wimbi wa mita 3 na nusu hivi, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Karatasi yenye unene wa sentimita chache haiwezi kuuzuia uvumi wa namna hiyo. Kinachosaidia ni kitu kinene na kizito: magodoro yaliyosimamishwa kwenye pembe za chumba, mahali uvumi wa besi unapojikusanya, na mablanketi mazito yaliyotundikwa yakiachana na ukuta kwa kiasi cha kiganja. Nafasi hiyo ya hewa nyuma ya blanketi inaongeza uwezo wake wa kunyonya sauti, kwa hiyo msiligandishe ukutani.

Dramu zikae juu ya zulia, zisisukumwe pembeni kabisa wala zisikae katikati kamili. Zimeni feni, friji na taa zinazovuma. Rekodini ukimya kwa nusu dakika, pandisheni sauti, msikilize. Kila kitakachosikika hapo kitakuwa ndani ya wimbo.

Hatua ya 4: Kupanga maiki

Matundu manne yagawanywe hivi: la kwanza kiki, la pili maiki ya juu ya dramu, la tatu besi, la nne gitaa. Najua wengi watataka maiki kwenye kila ngoma. Mkiwa na matundu manne na chumba kidogo, mbili zilizowekwa kwa uangalifu zinatoa dramu zinazosikika kama chombo kimoja, na hivyo ndivyo mpigaji mwenyewe anavyozisikia.

Maiki ya juu ndiyo inayobeba picha nzima, ipeni muda. Ianze juu ya bega la kulia la mpigaji, au la kushoto kama anatumia mkono wa kushoto, mita moja hivi kutoka snea (ngoma yenye mlio mkali iliyo mbele yake), ikitazama katikati ya snea na kiki. Rekodini nusu dakika, sikilizeni. Matoazi yakizidi, ishusheni na kuisogeza kuelekea snea. Snea ikizidi, ipandisheni. Msiguse ikwalaiza (kirekebishi cha besi na ukali wa sauti) hata kidogo katika hatua hii, tumieni mikono. Kusogeza maiki kwa upana wa kiganja kunabadilisha sauti kuliko vitufe vyote vya programu.

Maiki ya kiki iingie kidogo kwenye tundu la ngozi ya mbele, au ikae sentimita chache nje yake kama hakuna tundu. Mto mdogo ndani, ukigusa ngozi ya nyuma kidogo tu, unakata uvumi mrefu. Sasa sikilizeni maiki mbili pamoja, kisha bonyezeni kitufe cha kugeuza fezi, yaani kupindua wimbi la sauti, kwenye traki ya kiki, chenye alama ya duara lililokatwa kwa mstari. Chagueni upande ambao kiki inasikika nzito zaidi. Ikiwa kugeuza kunaifanya kiki iwe nyembamba, rudisheni ilivyokuwa.

Wenye kadi ya matundu mengi zaidi waitumie njia inayoitwa kwa jina la fundi wa sauti Mwingereza Glyn Johns: maiki moja juu ya snea, nyingine pembeni karibu na ngoma kubwa ya sakafuni, zote mbili zikiwa mbali sawasawa na snea, pamoja na ya kiki. Usawa huo upimeni kwa kamba. Mmoja ashike ncha katikati ya ngozi ya snea, mwingine aivute mpaka maiki ya kwanza, abane kidole hapo, kisha aipeleke kwenye ya pili na kuisogeza maiki mpaka ifike kwenye kidole. Tofauti ya mita moja inachelewesha sauti kwa karibu milisekunde 3, na hapo ndipo snea inapoanza kusikika kama iko ndani ya bomba.

Besi ichomekwe moja kwa moja kwenye kadi, swichi ikiwa kwenye alama ya ala na si ya maiki. Hakuna amplifaya ya kurekodi, hakuna mwingiliano na dramu, na sauti yake mnaweza kuitengeneza baadaye.

Gitaa la umeme linahitaji uangalifu zaidi. Iinueni amplifaya juu ya kiti ili sakafu isiiongezee uvumi, igeuzeni iipe dramu mgongo, na ifichwe nyuma ya kochi. Mulikeni kitambaa cha mbele kwa tochi ya simu mpaka muuone mduara wa spika. Katikati ya mduara sauti ni kali, kandokando ni laini. Wekeni maiki sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa, nusu ya njia kati ya katikati na ukingo, kisha mpigaji apige ridhimu ileile huku mwenzake akiisogeza polepole na msikilizaji akiwa na hedifoni. Mtapata mahali ambapo sauti inajaa ghafla, hapo simamisheni. Punguzeni pia mkwaruzo wa gitaa chini ya ule mliozoea jukwaani. Kwenye rekodi, mkwaruzo mwingi unazifuta noti na kulisukuma gitaa nyuma.

Kama ridhimu ni ya gitaa kavu, lisilo la umeme, msilirekodi pamoja na dramu, litazama. Lipigwe baadaye, maiki ikiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka pale shingo inapoungana na mwili. Mkiilenga kwenye tundu lenyewe mtapata uvumi mtupu.

Sauti za ala zitaingiliana kidogo kwenye maiki. Msiogope. Mwingiliano kidogo ndio unaofanya watu wasikike wako chumba kimoja. Sharti lake ni kwamba wote wapige sawa, kwa sababu kosa la gitaa lililoingia kwenye maiki ya dramu halitafutika.

Hatua ya 5: Viwango

Wekeni programu kwenye biti 24 na kilohezi 44.1 au 48. Bendi ipige kiitikio, sehemu yenye kelele kuliko zote, na kila traki ifike kilele kati ya desibeli -12 na -6. Ikigusa sifuri, sauti inapasuka na haitengenezeki tena. Kisha shusheni kila tundu kwa desibeli 2 au 3 zaidi, maana wapigaji huongeza nguvu taa ya kurekodi ikiwaka. Kwa biti 24 mna nafasi ya kutosha chini. Hakuna faida ya kukaribia sifuri.

Kama mnasikia sauti ikichelewa kwenye hedifoni, punguzeni bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuichakata, ipo kwenye mipangilio ya programu) hadi 128, au tumieni kitufe cha kadi kinachowasikilizisha moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Wakati wa kumiksi, yaani kuchanganya traki zote, pandisheni bafa hadi 1024 ili kompyuta isikwame.

Hatua ya 6: Kurekodi msingi

Mpiga besi hasikiki chumbani, kwa hiyo yeye na mpiga dramu wavae hedifoni zenye besi na, kama mnatumia, metronomu. Mwimbaji awepo lakini asiimbe kwa sauti. Asimame mbele yao, atamke maneno kwa midomo na kuonyesha kwa mkono ubeti unapoisha na kiitikio kinapoanza. Akiimba, sauti yake itaingia kwenye maiki ya dramu, na siku atakapoimba rasmi mtasikia kivuli chake nyuma.

Magitaa yatyuniwe kabla ya kila jaribio, kila mara, bila kujadiliana. Mpiga dramu ahesabu, mpige mpaka mwisho hata kama kuna kosa, na mkimaliza msitikisike wala kusema kitu mpaka toazi la mwisho limekufa kabisa. Hifadhini kila jaribio kwa jina la wimbo na namba yake. Pigeni mara mbili, mwende kusikiliza, mrudi. Bendi ikianza kupiga kwa uangalifu kupita kiasi, pumzikeni au badilisheni wimbo.

Katika kuchagua, angalieni mwendo kwanza. Noti moja ya besi iliyokosewa inarekebishika kwa kurudia sehemu hiyo peke yake, kwa kuwa besi haina maiki. Mdundo uliolegea haurekebishiki. Mkihitaji kuunga majaribio mawili, kateni kabla kidogo tu ya pigo la kwanza la ubeti au kiitikio, pigo lenyewe lifunike mahali pa kuungia.

Hatua ya 7: Sauti za watu

Hapa msikilizaji ndipo anapoelekeza sikio lake, na hapa msifanye haraka. Rekodini sauti siku nyingine, mwimbaji akiwa amelala vizuri.

Maiki husikia zaidi kilicho nyuma ya mwimbaji, kwa sababu ndiko inakotazama. Basi asimame akiipa mgongo kabati lililofunguliwa lenye nguo, au godoro lililosimamishwa. Kwa maiki ya dainamiki, mdomo uwe sentimita 5 hadi 10. Kwa kondensa, 15 hadi 20. Kuzuia upepo wa herufi kama p na b, vuteni soksi ndefu nyembamba ya kike juu ya waya uliokunjwa duara, mkiuweka kati ya mdomo na maiki. Kizuizi hicho kinafanya kazi sawa na kile cha dukani.

Hedifoni zinaweza kumpotezea mwimbaji sauti bila kujua. Akiimba chini ya noti, punguzeni muziki masikioni mwake, au aachie sikio moja wazi na kikombe cha hedifoni cha sikio hilo kibanwe kichwani kisivujishe. Akikaza koo, mara nyingi ni kwa sababu hajisikii; mwongezeeni sauti yake mwenyewe na mwangwi kidogo. Mwangwi huo ni wa kumfurahisha tu, usirekodiwe.

Aimbe wimbo mzima mara tatu au nne, kisha mchague mstari kwa mstari. Huku mnachagua, mpeni heshima. Watu wanne wakimkosoa kwa pamoja, sauti itafunga. Mtu mmoja tu ndiye azungumze naye, wengine watoke chumbani.

Waitikiaji wawekeni nusu duara mbele ya maiki moja, kama mita moja kutoka kwayo. Mwenye sauti kubwa arudi hatua nyuma badala ya kuambiwa aimbe polepole. Rekodini mara mbili, wakibadilishana nafasi, na kila rekodi iende upande wake, kulia na kushoto. Watu watatu watasikika kama kundi.

Hatua ya 8: Kumiksi

Anzeni kwa viwango na pande tu. Dramu, besi na mwimbaji katikati. Magitaa na kinanda pembeni. Msitumie kifaa kingine chochote mpaka wimbo uwe unasikilizika hivyo. Kisha kateni uvumi wa chini kwenye kila kisichouhitaji: sauti ya mwimbaji chini ya hezi 80 hadi 100, magitaa katika eneo hilohilo au juu kidogo. Mara nyingi kitendo hiki peke yake kinaifungulia besi njia.

Kompresa (kifaa cha programu kinachoshusha sehemu zenye sauti kubwa) ya 3 kwa 1 kwenye sauti ya mwimbaji, ikipunguza desibeli chache tu katika sehemu za nguvu, inatosha kumweka mbele. Mwangwi uwe wa chumba kimoja kwa ala zote, kila moja ikichukua kiasi chake. Mkiweka mwangwi tofauti kwa kila traki, bendi itasambaratika tena baada ya kazi yote ya kuikusanya.

Miksini kwa sauti ya chini, kiasi cha kuweza kuzungumza juu yake. Maneno yakipotea kwa sauti hiyo, mwimbaji yuko chini mno. Wekeni kando wimbo uliorekodiwa vizuri wa mtindo wenu, muuteremshe ulingane na wenu kwa ukubwa, mlinganishe besi na sauti. Kisha sikilizeni kwenye simu, redio ndogo, garini. Besi ikipotea kabisa kwenye simu, iongezeeni kidogo mkwaruzo au eneo la hezi 700 hadi 1000, ambalo spika ndogo inaweza kulitoa.

Hatua ya 9: Kufunga faili

Msishindane kwa ukubwa wa sauti. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, husawazisha nyimbo kwenye kiwango cha LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kwa hiyo wimbo uliobanwa mpaka ukapoteza uhai utashushwa tu. Acheni kilele cha juu kisizidi desibeli -1. Toeni faili ya WAV ya biti 24, na kutoka hapo ndipo mtengeneze MP3 za kutumiana. Toeni pia toleo lisilo na sauti ya mwimbaji. Litahitajika kwa maonyesho.

Folda nzima ya wimbo, pamoja na majaribio mliyoyaacha, ikae sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje, na mahali pengine nje ya nyumba hiyo au mtandaoni. Na kabla wimbo haujatoka, andikeni kwenye karatasi moja nani alitunga maneno, nani alitunga muziki, nani alipiga nini, na kila mmoja ana fungu gani. Wote watie saini, kila mtu abaki na nakala yake.